Kwa Upepo Kutoka Bukavu Hadi Goma

Jumatatu, 3 Julai 2023. Bukavu

Kiangazi kimeshika. Vumbi la Kadutu linashuka mpaka Nguba, milima ya Kabare imefichwa na moshi wa mashamba, na upepo wa kusini unaamka kila adhuhuri na kulivuruga ziwa mpaka jioni. Huu ndio msimu wa kushindana kwa tanga katika Kivu. Ukingoja Oktoba, mvua na radi zinakuwahi. Ukija Machi, unakaa katikati ya maji unatazama tanga lako likining'inia kama shati kwenye kamba ya kuanikia.

Juma hili lina faida nyingine: leo mwezi umejaa. Wavuvi wa sambaza huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, kwa hiyo watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Bila mwezi huu, papa (ndivyo tunavyomwita mzee) mwenye mtumbwi mkubwa asingekubali kamwe kuacha kazi yake aje kucheza na watoto wa mtaa wa Muhumba, kama anavyotuita.

Tumejikusanya mashua sita kushindana hadi Goma. Kuna Laser mbili, nyekundu na nyeupe, zilizonunuliwa zikiwa zimechakaa, zikazibwa kwa gundi mpaka zikawa na mabaka. Laser ni mashua ya mtu mmoja: urefu mita 4.23, tanga moja la mita za mraba 7.06. Aliyeichora ni Mkanada Bruce Kirby, na tangu 1996 imo katika Michezo ya Olimpiki, ingawa hizi mbili zetu hazina sura ya kwenda huko. Kuna Hobie 16, ile ya miili miwili myembamba iliyounganishwa kwa kitambaa kigumu cha kukalia. Hiyo ndiyo yetu, mimi na mkubwa wangu, mwenzangu wa mashua moja. Yeye anashika usukani na tanga kubwa. Mimi nina tanga dogo la mbele, na upepo ukizidi najitundika nje kwa waya ili kuirudisha mashua chini. Alinichagua kwa uzito wangu mdogo. Ananikumbusha hivyo kila nikiomba chapati ya pili.

Ya nne ni mashua ya mbao ambayo wenyewe wanasema ni ya tangu wakati wa Wabelgiji. Inavuja, lakini ina heshima zake. Halafu mitumbwi miwili ya kuvulia, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, yote imesimikwa mlingoti wa mkaratusi na tanga la turubai jeupe la misaada, lile ambalo kila mtu wa Kivu analijua, nembo imeshafutika kwa jua.

Asubuhi tuliwaachia watoto ghuba. Fundi mmoja wa Nguba amewatengenezea Optimist mbili za mbao za kubandikwa, na hilo silo jambo la ajabu, kwani Optimist ilibuniwa kwa kazi hiyo hasa: Mmarekani Clark Mills aliichora mwaka 1947 kule Florida ili mzazi na jirani yake waweze kuiunda kwa mbao za bei ndogo. Ni kisanduku cha mita 2.3 chenye tanga. Watoto walikimbizana kati ya bidoni (madumu) mbili za njano, wakagongana, wakatukanana kwa Kiswahili na Kifaransa na Mashi, na mshindi akawa binti mwenye miaka kumi ambaye hakugusana na mtu yeyote.

Jioni ndipo kazi ngumu ilipoanza, nayo haikuwa ya majini. Mashua za namna hii haziwezi kushindana kwa kutazama tu nani kafika kwanza. Hobie ingefika, ingepika, ingelala, mtumbwi bado uko njiani. Dawa yake ni mfumo unaoitwa Portsmouth Yardstick, ambao chama cha tanga cha Uingereza hutolea orodha mpya kila mwaka. Kila aina ya mashua ina namba yake, na iliyo ya polepole ina namba kubwa. Unachukua dakika ulizotumia, unazidisha kwa 1000, unagawa kwa namba yako. Kilichobaki ndicho kinacholinganishwa. Laser tuliipa 1100 na Hobie 850, karibu na zile za kwenye orodha. Mashua ya mbao tuliikadiria 1250 bila ugomvi, maana wenyewe walishakubali kwamba watakuwa wanachota maji.

Mitumbwi haimo katika orodha ya Uingereza. Ikabidi tuipime. Laser nyekundu na mtumbwi mkubwa vilizunguka bidoni ileile kwa upepo uleule mbele ya mtaa wa La Botte: Laser dakika 20, mtumbwi dakika 30. Ukizidisha 1100 kwa 30 ukagawa kwa 20 unapata 1650. Papa alisikiliza hesabu yote, akavuta kofia yake chini.

"Hiyo namba ni ya mtumbwi, ao ni yangu?"

"Ni ya mtumbwi, papa."

"Basi mtumbwi utaenda Goma. Miye nitabaki hapa."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu tuliyokuwa nayo.

Likaja la kafi. Sheria za mashindano ya tanga zinakataza kupiga kafi. Mashua isukumwe na upepo na maji basi. Kwa mvuvi hilo ni sawa na kumwambia atembee bila kupinda magoti. Baada ya saa nzima ya mjadala tulikubaliana: kafi moja tu, nyuma, ya kuongozea. Papa aliongeza sharti lake. Aliomba ruhusa ya kufunga ubao mpana ubavuni, uingie majini, kwa sababu mtumbwi hauna mkuku na upepo wa ubavu unausukuma kando kama hauna mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Ndiyo sababu pia mashindano yanakwenda kaskazini: mtumbwi hauwezi kupiga bisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, na kiangazi upepo mkubwa unatoka kusini. Aliye dhaifu kuliko wote ndiye aliyechora ramani.

Jumanne, 4 Julai. Bukavu hadi kusini mwa Idjwi

Karatasi za safari zilichukua muda mrefu kuliko ilivyopasa. Katika ofisi moja walitaka kujua injini ya kila mashua ina nguvu za farasi ngapi, na jibu la "hakuna" halikuwa na nafasi kwenye fomu. Mwisho waliandika sifuri mara sita, wakapiga muhuri.

Mstari wa kuanzia ulikuwa kati ya bidoni na boti ya injini inayotusindikiza. Badala ya bendera tulitumia vikwembe, yaani vitenge. Cha kwanza kinapanda dakika tano kabla. Cha pili dakika nne kabla. Cha pili kinashuka ikibaki moja. Cha kwanza kikishuka, mmeondoka. Dakika hizo tano ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mashua zote zinazunguka karibu karibu, kila mtu anaangalia saa na jirani, na usipojua haki ya njia utaumia: anayepokea upepo kwa upande wa kulia anapishwa na anayepokea kwa kushoto. Papa sheria hiyo aliisikia, akaikubali kwa mdomo, kisha akanyoosha mtumbwi wake wa mita nane katikati ya mstari, na wenye haki zao wote wakampisha.

Upande wa mto Ruzizi maji yamejaa chupa za plastiki. Ruzizi ndilo tundu pekee linalotoa maji ya ziwa hili, kwa hiyo kila kinachotupwa kwenye mitaro ya Bukavu kinafuata njia hiyo na kwenda kuziba mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi. Zile zilizochelewa njiani zilinasa kwenye usukani wetu. Hobie ina usukani mbili, na nililala tumboni mara kadhaa kuzichomoa chupa huku mkubwa akilalamika kwamba tumepoteza mwendo, kana kwamba mimi ndiye niliyezinywa soda hizo.

Mpaka saa sita hapakuwa na upepo wa kutaja. Tulitoka kwenye rasi za Bukavu taratibu, jua likitupiga utosini na tena kutoka chini. Kisha upepo ulikuja kutoka nyuma kama ulivyoahidiwa, maji yakageuka rangi kuwa ya buluu nzito, na Hobie ikaanza kupiga filimbi. Hii si lugha ya kupamba: waya zake zinalia kabisa mwendo ukikolea. Tulipita usawa wa Ishungu tukiwa mbele peke yetu na tukaingia ncha ya kusini ya kisiwa cha Idjwi baada ya saa 4 na dakika 10. Laser nyekundu ilitumia saa 5 kamili. Mtumbwi mkubwa ulitumia saa 7 na dakika 20, jua likielekea kuzama, papa akivuta tumbaku.

Hesabu ilipigwa chini ya mwembe. Sisi dakika 250, zinakuwa 294. Laser nyekundu 300, zinakuwa 273. Mtumbwi 440, zinakuwa 267. Mtumbwi wa kwanza, Laser ya pili. Mkubwa wangu alirudia hesabu kwa simu yake, kisha kwa simu ya mwenzake.

Tulikula bugali na sambaza wa kukaanga. Sambaza wenyewe si wa hapa kwa asili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo sijui Kivu ingekula nini bila wao.

Jumatano, 5 Julai. Mlango kati ya Idjwi na Kalehe

Tunapita magharibi ya Idjwi kwa sababu ya mpaka. Mashariki ya kisiwa, mstari wa Rwanda uko majini bila alama, na hakuna anayetaka kueleza kwa askari wa maji wa upande wowote kwamba ni upepo tu.

Upande huu ziwa linabanwa. Kushoto milima ya Kalehe, kulia vilima vya Idjwi vilivyopandwa migomba na kahawa mpaka ukingoni, na upepo wa kusini unaingia katikati kwa nguvu mara mbili ya ile ya nje. Tuliondoka saa nne. Saa saba tulikuwa tunakimbia kuliko nilivyowahi kukimbia majini, na povu lilikuwa likitupita usoni.

Mbele ya Bushushu na Nyamukubi mkubwa alilegeza tanga bila kuambiwa. Milima pale bado ina makovu mekundu, ardhi imechunika kutoka juu hadi chini. Mafuriko ya mwanzo wa Mei yalichukua mamia ya watu na nyumba zao kwa usiku mmoja, na mengi yaliyochukuliwa yaliishia katika maji haya haya. Mtu mmoja ufukweni alitupungia mkono. Tulimjibu. Hatukusema kitu kwa muda, na sidhani kama palikuwa na la kusema.

Mbele zaidi Hobie ilitupindua. Mashua hii ina tabia moja mbaya inayojulikana: pua zake ni nyembamba, na ukiendeshwa na upepo mkali kutoka nyuma, mwili wa upande wa chini unachoma wimbi, unazama, na mashua nzima inasimama kwa pua kisha inaanguka kifudifudi. Nilirushwa mbele nikiwa bado nimefungwa kwenye waya. Nakumbuka maji kuwa vuguvugu, na nakumbuka kuona chini ya tanga mwanga wa kijani. Jile, lile koti la kuelea, ilininyanyua. Katika ziwa hili watu wanakufa kila mwaka kwenye boti zilizojazwa kupita kiasi, wengi wao hawajui kuogelea na hawana jile; siku hizi mtu akipanda mashua yetu bila kuvaa hatuanzi mazungumzo naye.

Kuinyanyua kuna namna yake. Kwanza unahakikisha mlingoti haujazama, kisha unaogelea kuigeuza pua ielekee upepo. Mnasimama wawili juu ya mwili wa chini, mnavuta kamba, mnajiegemeza nyuma kwa uzito wenu wote, mnangoja upepo uingie chini ya tanga. Hapo uzito wangu mdogo ulionekana ubaya wake. Tulivuta, tukateleza, tukavuta tena. Mkubwa alinitazama akasema, "Ningekuachia ile chapati." Boti ya kusindikiza ilikuwa imekwenda kwa mtumbwi mdogo, ambao turubai lake lilikuwa limepasuka vipande viwili na wenyewe wakaamua kuingia Kalehe na kumaliza hapo. Mwisho upepo wenyewe ulituhurumia, tanga likajaa, tukapanda. Karibu saa nzima ilikuwa imekwenda.

Laser nyekundu ilishinda siku, nyeupe ya pili, mtumbwi mkubwa wa tatu. Mashua ya mbao ilifika kabla yetu. Sitaeleza zaidi.

Alhamisi, 6 Julai. Bugarula, Idjwi

Mapumziko. Bugarula ndiyo makao makuu ya kisiwa, ingawa ukifika kwa mashua unaona kwanza nguo zilizoanikwa na mbuzi. Idjwi imekuwa kimbilio la watu mara nyingi kwa sababu vita vya nchi kavu vilikuwa vinashindwa kuvuka maji, na utulivu huo unausikia hadi sokoni, wanakobishana bei kwa sauti ndogo. Tulinunua mananasi, na kwa fedha ya mchango wetu tukanunua mbuzi dume, zawadi ya mshindi wa jumla. Alifungwa kwenye boti ya kusindikiza akaanza kulalamika hapo hapo.

Kina mama wa ufukweni walikuja kututazama tukishona tanga la Laser nyeupe kwa uzi wa nyavu. Mmoja alituuliza tunalipwa nani kwa kwenda Goma bila injini. Hakuna, mama. Na mizigo? Hakuna mizigo. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea nanasi.

Mchana tulibishana kuhusu kesho. Kutoka hapa hadi Goma ni maji wazi, sehemu ndefu kuliko zote. Papa alitaka kuondoka saa tisa za usiku kwa mwezi. Wenye Laser walitaka saa tatu asubuhi, wapate muda mfupi wa kungoja upepo wa kusini. Wakubwa wa maji walikwisha kutuambia hakuna kuondoka gizani, basi tukakubaliana saa kumi na mbili kamili, jua likichomoza, na hakuna aliyefurahi.

Kijana wa Laser nyekundu aliongeza jambo. Mtumbwi una watu wanne na uko nyuma ya wote muda mwingi. Nani anajua kama hawapigi kafi sisi tukiwa hatuwaoni? Papa hakukasirika. "Nipeni mtu wenu," alisema. "Mwepesi." Wote walinigeukia. Mkubwa wangu alipata badala yangu mwanafunzi mmoja mnene kidogo, na nilimwona akikokotoa faida.

Ijumaa, 7 Julai. Bugarula hadi Goma

Vikwembe vilishuka saa kumi na mbili. Mashua nyingine zote zilielekeza pua kaskazini, moja kwa moja kwenye wingu lililokalia volkano ya Nyiragongo. Papa alielekeza yake magharibi.

Nilidhani anatafuta nafasi. Dakika kumi zikapita, ishirini, bado tunakwenda magharibi, Idjwi inabaki nyuma na Goma iko begani kulia. Kutoka kwenye Laser nyeupe mtu alipiga kelele kutuuliza kama tunarudi Kalehe. Vijana watatu wa papa hawakujibu, na mimi, kama mwangalizi, nilinyamaza pia, ingawa nilikuwa na maswali.

Alinieleza mwenyewe bila kuulizwa, akiwa ameshika ile kafi ya nyuma. Usiku ardhi inapoa kuliko maji. Hewa ya baridi inateremka milimani na kusukuma kuelekea ziwani, inaendelea mpaka jua liwe juu. Alfajiri Idjwi inapuliza kwenda magharibi, kwa hiyo tulikuwa tumepanda upepo wa kisiwa. Ukikaribia pwani ya magharibi upepo huo unakufa, na unakutana na mwingine unaoshuka kutoka milima ya Kalehe na Masisi. Huo unaupokea ubavuni na kwenda nao kaskazini ukikaa karibu na nchi. Katikati ya ziwa hakuna kitu, pepo zote zinafikia hapo na kuchoka. Na walioelekea Goma moja kwa moja? "Goma nayo ina ardhi," alisema papa. "Inapuliza pia. Inawapulizia usoni."

Sikuandika maneno hayo wakati ule kwa sababu nilikuwa nimeshikizwa kamba ya turubai. Kwenye mtumbwi hakuna mwangalizi wa kukaa bure. Ule ubao wa ubavuni ulikuwa ukitetemeka kwa mkondo, na nilielewa kwa nini aliuomba: bila huo, upepo wa mlima ungetusukuma kulekule katikati tunakokukimbia. Kila baada ya muda alimwambia kijana wa mbele auinue kidogo au aushushe kidogo, kwa kipimo cha vidole.

Tuliipita pwani tukiwa karibu kiasi cha kusikia majogoo. Mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ilikuwa imepumzika kwenye vijiji, nyavu zimetandazwa juu yake. Papa alisalimiana na kila mtu, na kila mtu alitaka kujua turubai lile analipeleka wapi. Karibu na Minova boti kubwa ya abiria ilitujia kutoka mbele bila dalili ya kutuona, na mmoja wa vijana alichukua kafi ya akiba akapiga mara nne au tano kututoa njiani. Niliandika. Papa aliniona nikiandika, akasema, "Andika na jina la boti." Niliandika, lakini sitalitaja hapa.

Saa tano upepo wa mlima ulikata. Tulikaa kimya tukiyumba, na nilikuwa na nafasi ya kufikiria kilicho chini yetu: karibu mita 480 za kina sehemu hii ya kaskazini, na gesi ya kaboni na methani iliyobanwa chini kabisa na uzito wa maji. Kijana wa mbele alisema bibi yake alimkataza kuitaja gesi hiyo akiwa majini. Tukaacha.

Saa sita na nusu kusi lilifika. Papa alifungua turubai lote, akafunga kamba, akachomoa ubao ubavuni kwa kuwa sasa haukuwa na kazi, na mtumbwi mzito ule ukaanza kuteremka mawimbi. Kushoto tuliiona Tchegera, kisiwa cha umbo la mwezi mchanga kilicho ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mbele, vitone vitatu vyeupe. Vilikuwa vikikua. Ilinichukua muda kukubali kwamba ndio wenzetu, na kwamba hawakuwa wakirudi kutufuata. Walikuwa wamenasa katikati saa nne nzima, na upepo ndio kwanza umewafikia kama ulivyotufikia sisi.

Hobie ilitutoroka, hiyo hakuna wa kuizuia. Ilivuka mstari saa nane na dakika 50. Sisi tulivuka saa tisa na dakika 20, mbele ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba mweusi, mtumbwi ukikwaruza lava ya zamani. Laser nyekundu ilikuja dakika 25 baadaye. Kijana wake hakusema kitu. Alikuwa ameungua pua.

Jumamosi, 8 Julai. Goma

Kikao kilikaa kwenye veranda, mbuzi akiwa amefungwa kwenye nguzo na kusikiliza.

Mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Kafi ya nyuma, nilisema, iliongoza tu. Kafi ya akiba ilipigwa mara chache kukwepa boti. Kijana wa Laser nyekundu aliona hiyo ni kupiga kafi na mtumbwi utolewe. Wengine waliona kumgonga mtu ili kutii sheria ni ujinga. Tuliongeza dakika kumi kwenye muda wa papa tukafunga jambo hilo.

Hesabu ikaja. Mtumbwi dakika 560, kwa namba 1650, ni 339. Pamoja na adhabu, 345 au 349 kutegemea unaiongeza kabla au baada, na hapo napo tulipoteza nusu saa. Laser nyekundu dakika 585, zinakuwa 532. Hobie 530, zinakuwa 624. Saa tatu za tofauti! Wenye Laser wote wawili walisimama: namba 1650 ni ya uongo, ilipimwa kwa upepo mdogo mbele ya La Botte, haiwezi kuwa sahihi.

Ndipo mkubwa wangu, ambaye siku nzima alikuwa amenyamaza, akachukua kalamu. Mpeni papa namba ya Laser, alisema. Mpeni 1100. Dakika 560 zinakuwa 509. Bado amewashinda.

Hilo lilimaliza kelele, na kwangu ndilo lililokuwa jibu la swali la Jumatatu. Namba inapima mbao na turubai. Haimpimi mtu anayejua Masisi inapumua saa ngapi, na sioni kwa nini tumtoze kwa kulijua.

Kwa jumla ya pointi, ambapo wa kwanza hupata moja na wa pili mbili, mtumbwi ulikuwa na moja, tatu na moja; Laser nyekundu mbili, moja na mbili. Tano kwa tano. Sheria ya sare inasema mnapanga matokeo ya kila mmoja kuanzia lililo bora, na tofauti ya kwanza ndiyo inayoamua. Moja, moja, tatu dhidi ya moja, mbili, mbili. Mbuzi akafunguliwa nguzoni.

Papa alikataa kumchinja. Alisema ni dume zuri, ana majike nyumbani. Wenye Laser walidai mwakani tuanzie Goma kwenda Bukavu, upepo usoni, tuone mtumbwi utafanya nini. Papa alikubali papo hapo kwa sharti moja, kwamba tuondoke usiku, na wakaanza upya kubishana.

Mimi nilikwenda bandari ya Kituku kutafuta boti itakayobeba Laser mbili, mlingoti wa Hobie na mbuzi mmoja kurudi Bukavu. Mtu wa mizigo alinitajia bei ya vyote kwa pamoja, akaangalia chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo) iliyokuwa inaleta vifaa vyetu, akapandisha bei. Mbuzi, alisema, atalipa kama abiria.